Kapata: nilikuwa na wasichana sita uwanjani, na sheria inataka saba

Wakuu, amani kwenu popote mlipo.

Nimekaa na hili jambo tangu Jumamosi na hasira haijashuka. Kila nikitaka kulala naliona. Leo nimeamua niliandike lote hapa, na naapa mbele yenu sitapunguza kitu, hata pale ambapo nitaonekana mjinga. Na nitaonekana, mtafika tu.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko Kolwezi, kule Congo ya shaba. Niliwahi kukaa Dar miaka minne, ndiyo maana Kiswahili changu kinaenda huku na huku, mtanivumilia. Naishi Kapata, kwenye zile nyumba za mistari ambazo kampuni ya zamani iliwajengea wafanyakazi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini, nyumba ikabaki kwetu.

Jioni mbili kwa wiki mimi ni coach wa mpira wa miguu. Wasichana, chini ya miaka kumi na sita.

Sikuomba hiyo kazi. Kuna mama mmoja, Mama Kapinga, aliuza maandazi karibu na uwanja wetu. Siku moja nilikuwa nachomelea magoli mapya ya timu ya wavulana. Akaja akasimama hapo, mikono kiunoni, akaniambia hivi kwa Kiswahili chetu, kile cha "batu" badala ya "watu":

"Tata, uko natengenezea batoto banaume magoli. Na batoto banamuke batachezea wapi, ku mbabula?"

Mbabula ni lile jiko la makaa. Nikacheka. Yeye hakucheka. Wiki iliyofuata aliniletea wasichana tisa na mpira uliochubuka, akasema, "Coach ni we." Basi, nikawa coach.

Huyo mama alifua jezi zetu kwa mikono yake kila baada ya mechi. Alizikunja, akaziweka kwenye mfuko chini ya kitanda chake, kwa sababu alisema kwangu zitanuka chuma. Akija mechi anapiga kelele kuliko watoto wote. Refa mmoja aliwahi kumwomba asogee nyuma ya miti.

Jumanne ya wiki iliyopita Mama Kapinga akafariki. Pressure. Alilalamika kichwa asubuhi, jioni hayupo.

Wakuu, nililia. Siwafichi.

Sasa sikilizeni vizuri maana hapa ndipo panaanza ujinga.

Tuko kwenye tournament ya mitaa. Sheria iko wazi: ukiwa na wachezaji chini ya saba hakuna mechi, unapigwa forfait, yaani umeshindwa bila kucheza. Ukipigwa forfait mara mbili, timu inafutwa. Na ikifutwa, zile jioni zetu mbili za uwanja wanapewa wavulana, ambao tayari wana jioni tatu.

Sisi tulishapigwa moja wiki tatu nyuma. Ya pili ilikuwa inatungoja Jumamosi, saa nane mchana, dhidi ya wasichana wa Kasulo. Katibu wa tournament alinitumia voice note Ijumaa, anaongea taratibu kama daktari: "Coach, mi nakuambia tu mbele. Mukikosa batu kesho, njo mwisho ya timu."

Nikamjibu tutakuja. Nilikuwa na wachezaji kumi na wanne, nikaona nikikosa nusu bado nina saba. Hesabu ya mtu asiye na wasiwasi.

Jumamosi saa tano na nusu nafika uwanjani. Nawakuta sita.

SITA.

Kapteni wangu Mireille, mtoto wa miaka kumi na tano, ana sauti ndogo lakini miguu haina huruma. Kipa wetu Grâce. Na wengine wanne. Wamekaa kwenye mstari wa goli wananiangalia.

Mmoja alikuwa Likasi kwa shangazi yake, huyo nilijua. Wawili mama yao amewapeleka mtoni kuosha mawe ya wachimbaji. Na watano wako kwenye kilio cha Mama Kapinga.

Kilio kwetu ndiyo msiba. Marehemu yuko morgue, watu wanalala kwenye mikeka nyumbani kwake, tunangoja kaka yake, mjomba wa watoto wake, afike kutoka Mbuji-Mayi ndipo azikwe. Watu wengi wanakula hapo na kunywa hapo. Robinet ya mtaa, lile bomba, imekauka, kwa hiyo maji yanatoka mbali, na anayeyabeba ni nani? Msichana. Tangu Jumanne wale watoto wanapita na bidon, yale madumu, kichwani, asubuhi mpaka jioni.

Na msidhani naweza kuokota msichana yeyote barabarani nikamwingiza. Lazima awe na licence, ile karatasi yenye picha. Bila hiyo refa hamtambui.

Nikaenda kwenye kilio mwenyewe. Nikasema moyoni, hapa lazima watanielewa, huyu mama ndiye aliyeanzisha timu.

Nafika pale kwenye maturubai, nakutana na nani? Coach wa wavulana. Anatoka. Nyuma yake vijana kumi na watano, soksi zimevutwa juu, wanaenda kucheza mechi yao ya saa sita. Wengine ni wajukuu wa marehemu kabisa! Na wazee waliokaa kwenye viti vya plastiki wanawapungia mkono: "Muende, batoto, muchezee mama mubaya-mubaya!" Yaani kwa nguvu zote.

Mimi nikasimama pale nikatazama. Kilio ni kimoja, marehemu ni mmoja, damu ni ile ile. Wavulana wanaenda kumchezea mama. Wasichana ambao mama aliwachezesha, wanabeba maji.

Nikamtafuta Mama Thérèse, wifi yake marehemu, ndiye msimamizi wa mambo ya jikoni pale. Nikamsalimia kwa heshima, nikampa pole, nikamwambia: mama, nipe hata mmoja. Mmoja tu, saa mbili, namrudisha.

"Tata coach," akasema, "batu beko mingi hapa. Batoto banamuke bakienda kucheza, mayi itatoka wapi?"

Nikamuuliza: "Na bale banaume bameenda sasa hivi? Habajui njia ya mayi?"

Akaniangalia kama nimeongea Kichina.

"Bale ni banaume, tata."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote.

Nikaomba angalau mfuko wa jezi. Akasema chumba cha marehemu kimefungwa na familia, hakifunguliwi mpaka mjomba afike, hata sindano haitoki. Hiyo ni desturi na naielewa, kuna watu hubeba godoro marehemu hajapoa. Lakini jezi zetu, wakuu! Ziko chini ya kitanda, zimefuliwa, zimekunjwa, na mimi niko mlangoni.

Hapo nikapandisha. Nakiri. Nilipiga kelele kwenye kilio. Nikawaambia wanamtukana marehemu kwenye nyumba yake mwenyewe, kwamba wanamlilia mtu huku wanaua timu yake. Wanawake wakaacha kuimba. Mzee mmoja akainuka, akanishika mkono bila nguvu, akasema, "Coach, heshimia kilio. Toka."

Nikatoka.

Mke wangu alikuwa pale pale kwenye mikeka, amelala kilioni tangu Jumanne na wenzake wa kanisa. Aliniona. Alinitazama tu mpaka nikapotea.

Nikapanda moto, ndiyo bodaboda yetu, mpaka kwa baba wa wale wawili walioenda mtoni. Nilimkuta amekaa kivulini mbele ya nyumba anachezea simu. Nikamuuliza kwa nini watoto wako kwenye mawe siku ya mechi na yeye yuko kwenye kiti.

Akasema, "Coach, mi naumwa mugongo. Na bakikosa kuosha leo, kesho batakula nini? We utabalisha?"

Nikamwambia mgongo unaokaa hivyo hauumwi. Nikamwambia na mengine ambayo moderator ataniondoa nikiyaandika hapa.

Nikiwa bado kwenye barabara nikafungua group ya WhatsApp ya wazazi, nikarekodi voice note. Dakika tatu nzima. Nilisema wazazi wa Kapata ni waoga. Nilisema mnawafungia mabinti zenu kwenye mbabula halafu mnajiita Wakristo. Nilisema kijana akitaka kucheza mnamtafutia viatu, binti akitaka kucheza mnamtafutia bidon. Nilisema kila baba ajitazame kwenye kioo. Sauti ilikuwa juu mpaka dereva wa moto akasimamisha kidogo ili nimalize.

Nikatuma.

Jibu la kwanza likatoka kwa mke wangu. Maneno matatu tu: "Sawa, papa Nadège."

Nikaona ananiunga mkono. Mnaona akili yangu ilivyokuwa siku hiyo?

Saa saba na nusu narudi uwanjani, mikono mitupu. Kasulo wameshafika, kumi na tano wamejaa, nyekundu tupu, wanapasha misuli. Kwa wasiojua, Kasulo ni mtaa ambao watu walichimba cobalt mpaka chini ya vitanda vyao. Watoto wa kule hawaogopi kitu.

Sita wangu wako pale pale kwenye mstari wa goli. Nikaanza kuwahutubia. Nikawaambia si kosa lenu, kosa ni la wazazi, watu wasio na aibu, watu wa zamani. Niliongea mpaka mate yanaruka.

Mireille alikuwa na bahasha ya licence mapajani, yeye ndiye huitunza. Akangoja nivute pumzi. Kisha akasema, na sauti yake ile ndogo:

"Coach, licence iko kumi na tano."

Nikasema hapana, ni kumi na nne.

Akazitoa, akazipanga kwenye vumbi moja moja. Ya mwisho akaigeuza picha juu.

"Nadège eko wapi?"

Wakuu.

Nadège ni binti yangu. Wa kwangu mimi. Ana miaka kumi na minne. Alikuwa miongoni mwa wale tisa wa kwanza wa Mama Kapinga, winga wa kushoto. Miezi minane iliyopita mke wangu alijifungua, na nyumbani kukawa na kazi nyingi. Nikamwambia Nadège apumzike mpira kidogo, asaidie mama. Kwenye timu nikasema ni mambo ya masomo. Hakuna aliyeniuliza tena, na mimi mwenyewe nikaacha kumhesabu. Nilimfuta kichwani kabisa, ndiyo maana wachezaji wangu walikuwa kumi na wanne.

Na Jumamosi hiyo? Mama yake yuko kilioni tangu Jumanne, anapita nyumbani kunyonyesha tu. Nani yuko nyumbani na mtoto mchanga? Nani anapika? Mimi ndiye niliyemwachia asubuhi. Nikamwambia, "Uangalie mudogo yako, na saa saba chakula ikuwe tayari."

Halafu kuna kaka yake Patrick, miaka kumi na sita. Yuko timu ya wavulana. Asubuhi ile ile, kabla sijatoka, nilimshonea kiatu chake cha mpira kwa waya wangu wa kazini, nikampigapiga bega, nikamwambia afunge bao kwa ajili ya Mama Kapinga.

Wale sita walikuwa wananitazama. Wote walikuwa wanajua. Walijua tangu asubuhi, wakaniacha nizunguke mtaa mzima nikitukana watu.

Nikapanda moto.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameinama kwenye mbabula anasonga bukari, ugali wetu, mtoto mgongoni amefungwa kwa kitenge. Alinisikia akadhani nimekuja kula. Akasema bila kugeuka, "Papa, bado kidogo."

Nikasema, "Leo kuko match."

"Najua," akasema. Anaendelea kusonga.

"Njoo tuende."

Hapo ndipo akageuka. Akauliza, "Beko bangapi?"

"Sita."

Akatingisha kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la swali lingine. Akashusha sufuria. "Na mutoto?"

"Leta. Nitamubeba mi."

Basi nikafungwa kitenge, mimi fundi wa chuma, mtoto mgongoni. Nadège akaingia ndani, akatoka amevaa shati jeupe la shule na raba zilizombana. Kabla hatujaondoka akafunika moto, akachukua makaa mawili yaliyozimika akayatia mfukoni. Sikuelewa ya nini.

Uwanjani nikaelewa. Wote walikuwa wamevaa mashati meupe ya shule, Mireille alikuwa amewatuma wakachukue. Nadège akawaandikia namba mgongoni kwa makaa, moja mpaka saba. Refa akatazama, akakuna kichwa, akamtazama katibu. Katibu akasema rangi ni moja, namba zinaonekana, licence zipo, wacheze.

Coach wa Kasulo aliniona na mtoto mgongoni akacheka mpaka akashika magoti. "Kapata mumeleta na reserve wa mwaka kesho?" Nikamwambia acheze mpira wake.

Lakini huyo jamaa ni mshenzi, wakuu, na nalisema hapa hadharani. Alihesabu haraka. Saba, hakuna wa akiba. Akitoka mmoja tu, mechi imevunjika na wao wanashinda. Badala ya kuwaambia wasichana wake wafunge mabao, ambayo wangefunga hata wakilala, nikamsikia kwa masikio yangu:

"Muende kwa gardien! Akitoka, match inaisha!" Gardien ni kipa.

Kocha wa watoto, huyo. Mtu mzima ana ndevu.

Dakika ya ishirini Grâce akapigwa teke la kifundo. Akaanguka akapiga yowe. Refa akaita tumtoe. Mireille akakimbia akasimama katikati ya refa na Grâce, mikono imenyooshwa, anasema, "Hatoki. Hatoki, refa, muulize yee mwenyewe." Grâce akainuka kwa kushikilia mlingoti. Tangu hapo alidaka akiwa ameegemea mlingoti wa kushoto, upande wa kulia ulikuwa wazi kama mlango wa kanisa.

Tulifungwa. Moja, mbili, nne, nikaacha kuhesabu. Sikujali mabao. Nilikuwa nahesabu vichwa, saba, saba, saba, kila dakika.

Kipindi cha pili wakapita wale watano wa kilioni na bidon zao kichwani. Njia ya maji iko pembeni ya uwanja. Wakasimama. Mmoja akashusha bidon chini, na wengine wakashusha. Wakabaki hapo wanapiga makofi na kuimba ule wimbo wa Mama Kapinga wa kuwasumbua marefa. Baada ya muda Mama Thérèse akatokea mwenyewe, amejifunga kitambaa kichwani, anakuja kuuliza maji yako wapi. Nikamwona anataka kuongea. Kisha akaniona mimi na mtoto mgongoni, akafunga mdomo. Alisimama hapo mpaka filimbi ya mwisho, na kilio kikangoja maji.

Zikabaki kama dakika tano, Nadège akaanguka peke yake, hakuguswa. Misuli ya mguu imekaza. Miezi minane hajakimbia, mnategemea nini? Amelala anashika mguu, machozi yanamtoka. Coach wa Kasulo anaruka anapiga kelele, "Atoke! Atoke!"

Mimi nilitaka kuingia nimwambie inatosha, mwanangu, acha timu ife. Naapa nilikanyaga mstari.

Refa akainama. "Unatoka?"

"Sitoki."

Akasimama kwa mguu mmoja. Dakika zote zilizobaki alisimama pale pembeni kushoto, hakugusa mpira hata mara moja. Lakini alikuwa ndani ya mstari, na alikuwa wa saba.

Filimbi. Tisa kwa sifuri.

Katibu akaandika kwenye karatasi yake: mechi imechezwa. Timu ipo. Jioni zetu mbili zipo. Wasichana walirukaruka kama wamechukua kombe, Kasulo wakawa wanashangaa hawa wamefurahia nini.

Jumapili mjomba alifika, Jumatatu tukamzika Mama Kapinga. Chumba kikafunguliwa, jezi zikatoka. Mama Thérèse aliniletea mfuko mwenyewe, na mimi nikamwomba radhi kwa zile kelele. Kwenye group nikarekodi voice note nyingine, fupi. Nikasema ile ya kwanza nilijitumia mwenyewe. Mke wangu akaweka kidole gumba.

Sasa funzo. Mnadhani nimepata funzo zuri la kuwapa? Bado nina hasira na yule mzee wa mgongo. Bado nina hasira na coach wa Kasulo. Bado nasema na nitarudia kwamba kilio kinachowaacha wavulana wakacheze na kuwabakisha wasichana na bidon ni cha aibu. Maneno yangu yote ya siku ile yalikuwa kweli. Tatizo ni kwamba nilizunguka nayo mtaa mzima na nyumba yangu nikairuka.

Jumanne jioni ilikuwa mazoezi. Nadège alikuja. Patrick alibaki na mtoto akapika bukari. Ilikuwa na mabonge, tuliila hivyo hivyo.

Lakini kuna kitu ndicho kinaninyima usingizi, na ndicho kimenileta hapa kwenu.

Jumamosi ile baada ya mechi tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na yeye, anachechemea, mtoto amelala mgongoni kwangu. Nilikuwa namsifu. Namwambia umeokoa timu, Mama Kapinga angepiga kelele. Karibu na nyumba akauliza, hakuwa amekasirika, alitaka tu kujua:

"Papa, kama bangekuwa saba, ungekuya kunitafuta?"

Wakuu, wale wenye mabinti, nisaidieni. Leo ni siku ya tano na bado sijamjibu.